Gunia Lisilo na Masikio

Kitwana aliligeuza gunia mara moja tu, akalirudisha juu ya benchi.

"Hili sikulifunga mimi, afande."

"Angalia vizuri."

"Nimeshaangalia. Hata ukiniweka hapa mpaka Isha, sikulifunga mimi."

Inspekta Candida Haule hakuwa na muda wa kumbembeleza mtu mpaka Isha. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kibarazani mwa duka la vifaa vya nyuki lililofungwa tangu jana kwa amri yake mwenyewe. Mwenye duka, Zulekha Abdulrazak, alikuwa mahabusu. Alikamatwa jana saa nane mchana, kwa hiyo saa ishirini na nne za sheria zingeisha leo saa nane. Kabla ya hapo ama jalada lifike kwa mwendesha mashtaka, ama yule mama arudishwe kwake. Jalada lenyewe lilishakamilika. Lilibaki pengo moja tu, maelezo ya huyu Kitwana, mfunga mizigo, aliyetoweka mjini miezi mitatu iliyopita na kurejea alfajiri ya leo na mabegi mawili.

"Ulikuwa wapi?"

"Kilwa. Mama alifariki. Nikazika, kisha nikabaki kuvuna ufuta wake. Ningemwachia nani?"

"Na simu?"

"Niliiuza, afande. Mazishi yana gharama zake."

Koplo Goodluck, aliyesimama nyuma na daftari, alimwangalia bosi wake kwa jicho la kusema huyu anatupiga chenga. Candida naye alifikiri hivyo hivyo. Mtu aliyefunga mzigo tarehe kumi na mbili Machi na kupanda basi la kusini jioni ya tarehe kumi na nne, anafaa kuulizwa mara mbili mbili.

Mzigo wenyewe ulikuwa magunia manne ya fito za mizinga, zile mbao nyembamba ambazo nyuki hujengea masega. Ulikuwa unakwenda visiwa vya Ukombe, visiwa vinne ambavyo asali yake iligombewa Kariakoo nzima kwa sababu nyuki wa huko hawakujua maradhi. Mwezi Mei wanawake wa kikundi cha wafugaji walianza kufungua mizinga na kukuta masega yamelainika na asali imechacha, inanuka machungwa yaliyooza. Mdudu aliyefanya hivyo ni mbawakawa wa mizinga, mweusi, mdogo kama punje ya choroko. Ni kimelea. Hutaga ndani ya mzinga, na funza wake hula asali, chavua na watoto wa nyuki mpaka kundi zima likate tamaa na kuhama. Bara yupo siku zote, na nyuki wa bara wanajua kumbana kwenye kona asifurukute. Kule Ukombe hakuwahi kuonekana. Alipelekwa.

Alipelekwa ndani ya gunia la tatu. Chini kabisa, chini ya fito, kulikuwa na kipande cha sega kuukuu. Amira, mwenyekiti wa kikundi, alipokiona alifurahi. Kila mfuga nyuki hupaka fito mpya kwa sega la zamani ili kundi livutwe na harufu, kwa hiyo alidhani ni zawadi ya dukani. Na kwa kuwa Amira ni mtu wa haki, hakukificha kwake. Alikivunja vipande vitatu, akabaki na kimoja na kuwagawia wenzake wa visiwa viwili vingine. Hakuna aliyechungulia ndani ya vitundu vyake.

Kisiwa cha nne hakikugawiwa kitu. Huko kulikuwa na mizinga thelathini tu, yote ya Zulekha mwenyewe, na mpaka leo ilikuwa mizima. Jambo hilo ndilo lililommaliza yule mama. Duka lake ndilo lililotuma gunia, na mizinga yake ndiyo iliyosalimika. Zulekha alikula kiapo kwamba hajui lolote kuhusu sega, na kwamba magunia yote aliyapeleka Buguruni kwa Mzee Marcelino Komba, mtaalamu wa nyuki, yakaguliwe, kama ilivyo desturi yake. Mzee akasema hayakufika. Kati ya maneno hayo mawili Candida alichagua upesi, na jana jioni, mbele ya vinasa sauti vya redio tatu, alilitaja jina la Zulekha.

"Mwambie inspekta kwa nini unasema si lako," Goodluck alisema.

Kitwana alionekana kushangaa kwamba watu wazima wanahitaji kuambiwa.

"Masikio yako wapi?"

"Masikio gani?"

"Ya gunia, afande. Leta gunia tupu."

Goodluck alileta moja kutoka duka la jirani, wakalijaza maboksi. Kitwana alitoa shazia mfukoni, ile sindano nene ya magunia, akatunga uzi wa nailoni na kuanza kushona huku akiendelea kuongea habari za bei ya ufuta. Candida hakusikiliza habari za ufuta. Alitazama mikono. Kabla ya kupitisha sindano hata mara moja, Kitwana alikusanya kona ya kushoto, akaifunga fundo, ikasimama. Akashona mpaka upande wa pili, akafanya vivyo hivyo kulia. Kisha akaacha mkia wa uzi wenye urefu wa kiganja ukining'inia.

"Haya ndiyo masikio. Mpagazi anashika hapa na hapa. Gunia bila masikio, hakuna mtu Kariakoo atakubebea, atakuuliza alishike wapi. Na huu mkia ni wa mpokeaji. Anauvuta, mshono unafumuka, gunia linabaki zima."

Candida alilichukua gunia la kielelezo. Amira alikuwa amelikata kwa kisu chini ya mshono, na ukanda wa juu ulikuwa umebaki kama ulivyoshonwa. Alikuwa amelishika gunia hili mara kumi katika wiki tano. Alikuwa amelichunguza chini, kwenye mabaki ya nta na maganda ya mbawakawa, kwa sababu huko ndiko alikoonyeshwa atazame. Juu hakuwahi kupatazama. Mdomo wa gunia ulikuwa umekunjwa mara mbili, ukashonwa kwa mishono ya msalaba, na uzi umekatwa mpaka mwisho, umefichwa ndani ya mkunjo. Hakuna masikio, hakuna mkia.

"Ndiyo maana alitumia kisu," alisema.

Kitwana aliupeleka ukanda puani. "Na huu uzi umepakwa nta. Sisi hatupaki nta. Nani ana muda huo?"

"Zulekha anauza nta," Goodluck alisema. "Angeweza kulifumua na kulishona mwenyewe."

"Mama Zulekha?" Kitwana alicheka. "Amezaliwa Mtaa wa Mkunguni, babake alikuwa na mikokoteni sita. Anaweza kushona vibaya, lakini hawezi kusahau masikio."

"Baada ya kuyafunga uliyapeleka wapi?"

"Buguruni, kwa Mzee wa nyuki. Mwenyewe, kwa guta la mizigo. Nikayaacha barazani kwake tarehe kumi na mbili, nikayafuata tarehe kumi na nne asubuhi kuyapeleka botini. Matatu yalikuwa na masikio yangu. Hilo moja lilikuwa hivyo. Nikasema labda kafungua kakagua, kafunga mwenyewe kiofisi. Wapagazi walinitukana kweli kweli."

"Ulimwona Mzee kwa macho yako?"

"Si alinipa maji ya kunywa, afande."

Candida alimwashiria Goodluck afunge daftari.

Mzee Marcelino Komba alikuwa afisa nyuki kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Yeye ndiye aliyewafundisha wanawake wa Ukombe kufuga, na ndiye aliyemfundisha Zulekha kuanzia jinsi ya kushika bomba la moshi la kutulizia nyuki. Kesi hii ilipomwangukia Candida, asiyejua nyuki hata wa kumuuma, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa yeye. Mzee alikuja siku hiyo hiyo na koti lake la kaki. Aliposikia jina la Haule aliuliza Haule wa wapi, na alipoambiwa Peramiho akahamia Kingoni palepale, akataja jina la babu yake Candida na mahali nyumba yake ilipokuwa. Kuanzia siku ile Candida alimwita Baba. Baba ndiye aliyemwonyesha gunia litazamwe wapi.

Ndani ya gari Goodluck alisema kile ambacho wakili yeyote angesema. "Afande, huyu Kitwana ni mtu wa Zulekha. Mzee atakana, na mahakamani Mzee ndiye mwenye jina."

"Ndiyo. Kwa hiyo tunatafuta mtu asiye wa Zulekha."

Saa tano walikuwa Buguruni, nyuma ya soko, kwenye kibanda cha Jovin. Alikuwa kijana wa Bukoba anayechoma na kukunja plastiki, akitengeneza kila kitu kuanzia mifuniko ya ndoo hadi taa za bodaboda. Kibanda chake kilitazamana na baraza la Mzee Komba, hatua ishirini, na Mzee alikuwa amewahi kumsifia: fundi wangu huyu ana mikono. Mlango wa Mzee ulikuwa na kufuli.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Tarehe kumi na mbili hadi kumi na nne Machi, uliona magunia pale kwa Mzee?"

Jovin alijikuna. "Machi? Afande, Machi ni zamani. Magunia pale yanaingia na kutoka."

"Jaribu kukumbuka. Kitu chochote cha siku zile."

"Siku zile nakumbuka sikuwa nalala, ndiyo hivyo tu. Nilikuwa nahangaika na oda yake ya mitego. Mia mbili, na kila saa anakuja kusema tundu ni kubwa, tundu ni dogo."

"Mitego gani?"

"Si hii ya wale wadudu." Jovin aliinama chini ya meza, akatoa kisanduku cheusi chembamba chenye matundu juu. Candida alikuwa nacho kimoja juu ya meza yake ofisini. Unakitia mafuta ya kula, unakining'iniza kati ya fito; nyuki hapiti matundu yale, mbawakawa anapita na kuzama. Mzee alimletea mwezi Mei, akamweleza kwamba alipoisikia habari ya visiwani hakulala wiki mbili, akifikiria jinsi ya kuwaokoa wale akina mama. Candida alimpigia makofi.

"Hii alikuagiza Mei," alisema taratibu.

"Hapana, Machi. Mei alichukua tu, alisema niiweke mpaka atakapoihitaji. Ngoja." Jovin alifuta mikono kwenye suruali, akapekua simu. "Hii hapa picha aliyonitumia. Na sauti yake."

Mchoro ulikuwa wa mkono, kwa kalamu ya buluu, vipimo vyote vimeandikwa vizuri. Tarehe sita Machi. Chini yake sauti ya Mzee, ya upole, ile ile iliyokuwa ikimwita Candida mwanangu: "Jovin, fanya haraka kidogo baba, wakati wowote nitahitajika."

Tarehe sita Machi magunia yalikuwa bado hayajafungwa. Mbawakawa wa kwanza visiwani aliripotiwa tarehe mbili Mei. Goodluck alihesabu kwa vidole kama mtoto, akahesabu tena, kisha akaacha.

"Afande, aliandaa dawa kabla..."

"Nimesikia, Goodluck."

Alichukua maelezo ya Jovin neno kwa neno, akamsainisha, akaichukua ile simu iwe kielelezo. Kisha wakarudi kituoni.

Mzee Komba alikuwa ameshafika. Alikaa ofisini kwa Candida kwenye kiti cha wageni, koti la kaki limepigwa pasi, na hotipoti ya buluu magotini. Jana jioni alimletea Zulekha wali. Leo asubuhi alimletea uji na ndizi. Askari wa zamu walishaanza kumwita babu.

"Mwanangu, umechoka," alisema. "Nimemletea Zulekha chakula cha mchana. Na wewe nimekuwekea kidogo. Nikishasaini yale maelezo ya utaalamu nitawahi kupumzika, Ijumaa nakwenda Ukombe. Amira amesema wananisubiri kwa hamu."

"Yatakuwa tayari sasa hivi, Baba." Candida alishangaa jinsi neno lile lilivyokuwa gumu kutoka. "Nisaidie kitu kimoja wakati tunasubiri. Vielelezo vinatakiwa viende mahakamani vimefungwa, na huyu Goodluck hajui kushona."

Aliweka sakafuni gunia jipya lenye fito mbili ndani, na shazia, na kibunda cha uzi. Mzee alicheka. Alipenda kuombwa; uso wake wote ulifunguka. Aliweka hotipoti pembeni, akapiga goti, akakata uzi. Kisha akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kidonge cha nta kilichokuwa na mfereji katikati kwa kutumika, akaupitisha uzi hapo mara tatu.

"Uzi mkavu hukatika," alisema. "Vijana hawajui."

Akaukunja mdomo wa gunia mara ya kwanza. Akaukunja mara ya pili. Akashona kwa mishono ya msalaba, sawasawa, bila haraka, akisimulia jinsi walivyokuwa wakifunga sampuli za asali enzi za utumishi wake, ili mtu asichezee. Goodluck alisimama mlangoni. Mzee alipofika mwisho aliukata uzi mpaka chini na kuisukuma ncha ndani ya mkunjo kwa kidole gumba.

Candida aliweka ule ukanda wa gunia la Ukombe kando ya mshono mpya.

Mzee alitazama mshono mmoja, akatazama wa pili. Mkono wake wenye shazia ulibaki hewani. Alikuwa mtu mwenye akili, na Candida aliona akili ile ikizunguka haraka, ikitafuta mlango, na kukuta kila mlango una mtu.

"Nilisahau," alisema. "Labda walileta hayo magunia, nikasahau. Uzee."

"Kitwana amerudi. Ulimpa maji."

"Basi nilikagua nikafunga. Sega lingeweza kuwekwa baadaye."

"Mshono haukuwahi kufunguliwa, Amira alilikata gunia chini yake. Na mitego, Baba? Tarehe sita Machi?" Candida aliweka simu ya Jovin mezani, akabonyeza. Sauti ya Mzee ilijaza chumba: wakati wowote nitahitajika.

Mzee alirudi kitini. Alikaa kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Kisiwa kimoja," alisema mwishowe. "Nilitaka kisiwa kimoja tu. Nilijua Amira atalipaka kwenye mizinga yake. Sikujua atagawa. Nani anagawa sega?"

"Kwa nini?"

"Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani. Miaka minne, mwanangu, hakuna aliyenipigia. Nyuki ni wazima, nani anamhitaji mganga? Asali inatoka na picha ya Zulekha kwenye chupa. Mtu ambaye hakujua hata malkia yupi. Siku moja nilikwenda dukani kwake, nikakuta anafundisha vijana. Maneno yangu, mstari kwa mstari. Akanipa soda, akaniambia Mzee kaa upumzike." Alinyoosha mkunjo wa koti. "Nilitaka waniite. Ningekwenda na mitego yangu, mwezi mmoja ningewamaliza wadudu wote, na watu wangekumbuka."

"Na Zulekha?"

"Ningemtetea. Ningesema ni bahati mbaya, hakujua."

"Lini? Saa nane ni baada ya dakika arobaini. Ulikuja kusaini."

Mzee akasema jambo ambalo Candida angetamani asingelisema. "Uliponipigia simu siku ile, nilifurahi sana. Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu, wameniita."

Candida alimwambia Goodluck amchukue. Aliongea Kiswahili cha jalada, kila neno mahali pake, haki ya kunyamaza, haki ya wakili. Mzee alijaribu kumjibu kwa Kingoni. Candida alimwambia aongee lugha ambayo koplo anaielewa. Mlango ulipofungwa alikaa peke yake, akaona aibu, na aibu hiyo haikuwa ya Mzee peke yake. Alikuwa ameangalia watu wawili, mmoja ametaja jina la babu yake na mwingine hakulitaja, na hapo upelelezi wake ukaishia.

Zulekha alikuwa amekaa juu ya mkeka wa mahabusu, mtandio umefungwa vizuri, mgongo umenyooka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, sauti yake imekwaruzwa na maneno ya sokoni.

"Mzee kaja?" aliuliza kabla Candida hajafungua mdomo. "Mwambieni uji ulikuwa mzuri. Nimemaliza wote."

"Uko huru," Candida alisema. "Hukufanya kosa. Nilikosea mimi."

"Alhamdulillahi. Si niliwaambia Mzee atawaelewesha?"

Candida alimwambia. Alimwambia akiwa amesimama, kwa mpangilio: gunia, masikio, tarehe, mitego, maneno yaliyotoka kinywani mwa mtu mwenyewe. Zulekha alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Aliuliza swali moja tu.

"Alisema nilimpa soda?"

"Ndiyo."

"Nilimpa soda kwa sababu jua lilikuwa kali." Alitazama bakuli la uji lililokuwa pembeni yake, akalisukuma mbali kwa mguu, mpaka likagonga ukuta. "Ndiye aliyesimama walii wangu nilipoolewa... hapana, si walii, yeye Mkristo. Alisimama tu nyuma ya baba. Alikuwa analia kuliko baba."

Candida alimsogezea viatu vyake na pochi yake. Zulekha hakuvigusa.

"Jana ulisema redioni."

"Ndiyo. Nitaita tena waandishi. Kesho asubuhi..."

"Si kesho, na si waandishi. Kule Ukombe walisikia kwa sauti yako. Wasikie sasa hivi, kwa sauti yako hiyo hiyo, na mimi nikiwa hapa. Nikitoka kabla hawajajua, nitatoka mwizi."

Hiyo ilikuwa haki yake. Candida alipiga namba ya Amira, akafungua spika, akaishika simu katikati yao.

"Afande!" Amira alipokea kwa furaha, na nyuma yake kulisikika sauti za wanawake na vyombo. "Mzee Ijumaa anakuja, si ndiyo? Tumeshatenga kuku wa kumpokea. Na yule muuaji mmeshampeleka?"

Zulekha alifumba macho.

"Amira, nisikilize. Zulekha hakufanya. Nilikosea. Sega liliwekwa na Mzee Komba, Buguruni, kabla ya gunia kupanda boti. Amekiri."

"Nani amekiri?"

"Mzee Komba."

"Huyo mwanamke kawanunua," Amira alisema. "Kawanunua mchana kweupe. Mzee? Mzee aliyetushika mkono tangu hatuna hata mzinga mmoja?"

"Amira," Zulekha alisema.

Vyombo vilinyamaza kule upande wa pili.

"Amira, ni mimi. Sikukutumia lile sega. Wallahi sikukutumia. Lakini hilo tutaongea. Sikiliza, mizinga yangu ya kisiwa cha nne ni mizima, si ndiyo? Hao ndio nyuki wa Ukombe waliobaki. Tukigawa makundi yale taratibu, miaka miwili, mitatu, visiwa vyote vitajaa tena. Chukueni. Sitaki kitu. Anzeni na kisiwa chako."

Simuni alisikika mtu akivuta pumzi.

"Zulekha," Amira alisema, na sauti yake haikuwa tena ya kugomba. "Jana usiku, baada ya ile redio. Wanawake walipandwa na hasira. Na mimi nilikuwamo. Tulivuka na mafuta ya taa."

"Mingapi?"

"Zulekha..."

"Nakuuliza mingapi, Amira."

"Yote. Tulichoma yote thelathini."

Amira alianza kulia, akaomba msamaha, akasema tuliambiwa ni wewe, polisi walisema ni wewe. Zulekha aliinama akavaa kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, akachukua pochi yake, akapita karibu na Candida bila kumtazama na kutoka nje. Candida alibaki pale mahabusu ameshika simu ambayo bado ilikuwa inalia.